Peupe na Kweupe

Leo tuseme juu ya neno "nyeupe". Twalidhani ni neno la rangi tu, kumbe lina kazi nyingi. Shuka ni nyeupe. Mtu asiye na hila ana moyo mweupe. Mahali pasipo mti wala nyumba ni peupe. Jambo lisilofichwa husemwa kweupe. Jirani zetu Wasomali wa Garissa na Wajir husema "cad", na pesa taslimu kwao ni pesa nyeupe.

Lakini peupe si kweupe. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa Garissa, mtaa wa Bulla Karatasi ulichomwa moto, na watu wakakusanywa katika uwanja wa shule. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walizuiliwa siku kadhaa juani, bila chakula wala maji, katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir. Wengi waliuawa. Walikuwa peupe, lakini habari zao zilifichwa. Serikali ilitaja watu 57. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema walikaribia elfu moja. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni.

Basi tuombapo mioyo myeupe, tusidhani weupe ni kufunika yaliyotendeka. Chokaa nayo ni nyeupe, nayo huficha ufa. Aliyefiwa hataki chokaa. Ataka jambo lisemwe kweupe. Je, sisi tumelisema?