Mbung'o alichora ramani kabla ya mkoloni

Wasee, mshajiuliza mbona misafara ya zamani kutoka Pwani kwenda bara ilitegemea wapagazi? Sababu moja kubwa ni mbung'o. Punda angekufa njiani kwa nagana.

Na huyu mdudu hufuata majira. Mvua ikinyesha anatawanyika, mpaka nyikani. Kiangazi kikikaza anajibanza kwenye vichaka vya mtoni, palepale ng'ombe lazima waende kunywa. Hapo ndo balaa. Jike hatagi mayai. Huzaa buu moja kila siku 9 au 10, nalo hujichimbia udongoni. Joto likizidi, linafia humo.

Wafugaji waliyajua haya kitambo, bila maabara. Walichoma vichaka, wakavusha mifugo usiku mbung'o akiwa ametulia. Halafu miaka ya 1890 sotoka ikafyeka ng'ombe. Malisho yakageuka vichaka, mbung'o akarudi na watoto wake wote. Mzungu akakuta nyika kimya, akaandika eti ardhi haina wenyewe. Hiyo ndo huniuma.

Bonde la Lambwe, Homa Bay, watu walihamishwa na mbung'o na malale. Leo watalii wanalipa kuingia Ruma kuona korongo.