Swichi Imefungwa, Umeme Unapita

Fundi kijana alikuwa juu ya ngazi, simu kaibana kwa bega, mita kaitundika kwenye kipago inalia tiii. Kreni ya karakana ilikuwa imekataa kunyanyua tangu asubuhi, na sisi wenye vyuma vya kupakia tulikuwa tumevikalia.

"Nimeipima, mzee. Imefungwa."

Sauti ya upande wa pili tuliisikia hata sisi wa chini: "Imefungwa? Kumbe ndiyo maana haipitishi!"

"Inapitisha, mzee. Nakwambia imefungwa."

Kimya. Kijana akausukuma mkono wa swichi kwa bisibisi, mita ikanyamaza. "Nikiisukuma inakata."

"Aa! Si ungesema hivyo."

Kifaa chenyewe mafundi wengi hukiita limiti. Ni kisanduku chenye mkono na kigurudumu, hukaa pale ambapo kitu kinachotembea hakitakiwi kupita: kulabu ya kreni juu kabisa, chumba cha lifti, geti la kuteleza. Kitu kikifika, kinausukuma mkono, na miguso iliyomo ndani inabadilika. Wapo wanaoiita swichi ya mpaka, lakini mimi nashikilia swichi ya kikomo. Mpaka watu wanauvuka kila siku, pale Namanga na Tunduma. Kikomo kimetoka kwenye koma, neno lile lile analoambiwa mtoto mtundu: ukome!

Jina basi si tabu. Tabu iko kwenye herufi mbili zilizochapwa kwenye miguso, NC na NO, ambazo kwa Kiswahili hutafsiriwa "iliyofungwa kwa kawaida" na "iliyofunguliwa kwa kawaida". Mswahili akifunga bomba, maji hayatoki. Akifungulia redio, inaimba. Kwa lugha ya saketi mambo yamepinduka: iliyofungwa ndiyo inayopitisha. Na fundi akisema "nimefunga swichi", pengine ana maana ameipachika kwa skrubu, basi. Maana tatu kwa kitenzi kimoja, na juu yake kuna mzigo unaning'inia.

Hilo "kawaida" nalo lina mtego wake. Kawaida ya mtengenezaji ni swichi ikiwa dukani juu ya rafu, haijaguswa na mtu. Swichi ya mlango wa kinga wa mashine mara nyingi hushinda imebonyezwa, maana mlango hushinda umefungwa. Kawaida yake ya kazini ni kinyume cha kawaida ya dukani.

Kwa hiyo napendekeza tumfuate kijana wa kwenye ngazi: mguso wa kukata na mguso wa kuunga. Tunautaja kwa kile unachofanya unaposukumwa. Hata IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, ina majina ya namna hiyo hiyo, ya kuvunja na ya kuunga. Na namba za vituo, pale nyaya zinapobanwa kwenye swichi, zinasaidia: zinazoishia na 1 na 2 ni za kukata, 3 na 4 ni za kuunga.

Ukishapata majina hayo, uungaji salama unaelezeka kwa pumzi moja. Umeme wa volti 24 unatoka kwenye fyuzi, unapita kwenye mguso wa kukata, unaingia kwenye ingizo la PLC, ile kompyuta ya kuongozea mtambo. Taa ya ingizo ikiwaka, njia ni nyeupe. Mkono ukisukumwa, taa inazimika na mwendo unasimama. Panya akitafuna waya au skrubu ikilegea, taa pia inazimika na mwendo pia unasimama. Ungetumia mguso wa kuunga, waya uliokatika ungenyamaza miezi na miezi, hadi siku kulabu inapopanda bila wa kuizuia.

Ila mguso wa kukata hauoni kila kitu. Nyaya zake mbili zikigusana njiani, PLC itaendelea kuamini njia ni nyeupe. Ndiyo maana kwenye winchi ya maana huwekwa kikomo cha pili juu ya kile cha kwanza, nacho hakiombi ruhusa kwa programu: kinakata moja kwa moja umeme wa koili ya kontakta, ile swichi kubwa inayoipa mota umeme. Tafuta swichi yenye alama ya mshale ndani ya duara. Alama hiyo, ya kiwango IEC 60947-5-1, inaeleza kwamba mkono wenyewe ndio unaotenganisha miguso kwa nguvu, hata ikiwa imeungua na kushikana. Haitegemei springi.

Siku ile waya ulikuwa umekatika kwenye mkunjo, pale unapopindwa kila kreni inapotembea. Tulikaa kutwa kwa sababu kreni ilikuwa imeungwa vizuri, ingawa hakuna aliyelisema hilo. Mwenzetu mmoja alikuwa bado anashauri ipigwe jampa, waya wa kuiruka swichi, tupakie twende zetu.