JINA LA RUMALIZA NA ASILI YAKE

Katika zama za misafara, mtu wa pwani aliingia bara na jina alilopewa na babaye, akarudi na jingine alilopewa na watu. Hili la pili lilikuwa la utani, nalo ndilo lililodumu. Wachache wamjua Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mzaliwa wa Lindi. Bali ukimtaja Rumaliza, kuanzia Ujiji hata Uvira, wazee hutambua mara moja ni nani anayesemwa.

Mkubwa wake katika biashara, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, naye aliitwa Tippu Tip, na maana ya jina hilo watu wameizozania. Wengine husema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Mwenyewe, katika habari za maisha yake alizozieleza kwa Kiswahili, asema ni mlio wa bunduki zake, tip tip. Si ajabu mwenye jina kuchagua bunduki akayaacha macho!

Ama Rumaliza, maana yake haina mzozo: ni amalizaye, asiyesaza kitu. Lakini na litazamwe umbo lake. Mtu wa Unguja angalisema Mmalizaji. Hiyo ru- ya mwanzo si ya pwani. Ni ya lugha za huku, kama Kirundi na Kiha, ambamo huonekana katika majina mengi ya watu na ya vitu vikubwa. Tena Mrundi akitaka kusema kumaliza kwa lugha yake husema kumara. Basi kitenzi ni cha pwani, na kichwa chake ni cha bara. Waliolitunga walikuwa wakiishi baina ya lugha mbili: wapagazi, wapiga makasia, wachuuzi wa chumvi na pembe, watu wa namna ileile ambao baadaye walijaza mitaa ya Buyenzi wakaitwa Waswahili. Kabla Wadachi hawajajenga boma lao Usumbura, Kiswahili cha ziwani kilikwisha kuwa na utani wake.

Wala haifai kuficha kwamba utani huo ulichanganyika na hofu. Rumaliza alifanya makao yake Ujiji katika miaka ya 1880, na biashara yake ilikuwa ya pembe na ya watumwa. Waliochomewa vijiji hawakulitamka jina lile kwa kicheko. Waliocheka ni waliosimama upande wa bunduki.

Hata hivyo Burundi hakuimaliza. Watu wake walishika Uvira, wakaitamani Uzige, ulipo leo mji wa Bujumbura. Walipotaka kupanda milimani, majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yaliwarudisha. Mwaka 1894 Wabelgiji wa Dola ya Kongo walimvunja ng'ambo ya ziwa, akakimbilia pwani, na huko wakashitakiana yeye na Tippu Tip kwa ajili ya mali waliyoichuma pamoja.

Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, ilienea Lindi barua iliyosemwa imetoka Makka, ikiwahimiza watu watubu kwa kuwa Kiyama ki karibu. Wadachi walipoifuata njia iliyopita, walilikuta jina la Rumaliza.