Mipaka ya Wengine na Damu Yako

Juma hili nina karatasi mbili za maabara mkononi, nilizozitoa katika bahasha ya kaka yangu. Ya kwanza yasema kreatinini yake, yaani ile taka ya misuli ambayo figo huichuja kutoka katika damu, ilikuwa 68. Ya pili, miezi minane baadaye, yasema 102. Pembeni imechapishwa mipaka ya kawaida: 60 hadi 110. Daktari wa hospitali nisiyoitaja aliitazama hiyo ya pili, akasema, "Mzee, uko salama." Kaka akarudi nyumbani akicheka.

Mipaka hiyo hutoka wapi? Hupimwa watu wenye afya, zikakatwa ncha mbili, wakabaki 95 wa katikati katika kila 100. Basi hata wazima 5 huambiwa wamevuka mpaka! Lakini hilo ni dogo.

Mwaka 1970, George Williams na wenzake wa Bethesda, Marekani, walitangaza matokeo ya kazi iliyotaka subira. Waliwatoa damu watu 68 wenye afya, kila juma, kwa majuma 10 hadi 12. Walikuta kwamba damu ya mtu mzima haitulii. Leo hupanda, kesho hushuka. Hilo lilitarajiwa. Kubwa zaidi ni kwamba kwa vipimo vingi kila mtu alizunguka katika kiwanja chake mwenyewe, chembamba kuliko uwanja wa watu wote. Mtakwimu Eugene Harris akaonyesha mwaka 1974 kwamba kwa vipimo vya namna hiyo mipaka ya umma haifai sana, kwani mtu aweza kuhama mbali na hali yake asiiguse kamwe. Mwaka 1983, yeye na Yasaka wakatoa hesabu ya kulinganisha majibu mawili ya mtu yule yule: tofauti sharti izidi mtikisiko wa mwili na wa mashine kwa pamoja.

Jirani yangu hujisifu kwamba kitunguu saumu kimemshushia lehemu kutoka 5.6 hadi 5.1. Simkatazi kitunguu, ila hiyo ni asilimia 9 tu, na mwili peke yake waweza kuileta. Kwa kreatinini, tofauti ya asilimia 20 hivi yatosha kumshtua tabibu. Ya kaka yangu ilikuwa asilimia 50, na zote mbili zilikuwa "kawaida".

Siku hizi kaka husafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa juma. Siwezi kuapa kwamba mambo yangekuwa vingine. Ila ile karatasi ya kwanza, ya maabara nyingine, ilikuwa nyumbani chini ya godoro siku aliyokwenda kwa daktari, na hakuna aliyemwuliza kama anayo.