Joto Linalopotea: Kutoka Augsburg hadi Rufiji
Kila mwaka wanafunzi wangu huniuliza kama zama za injini ya mafuta zimekwisha. Huwarudisha nyuma kwanza, kwani wengi hudhani gari la umeme limezaliwa jana.

Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa akiwa katika gari la umeme. Miaka miwili kabla, huko Augsburg, Ujerumani, injini ya Rudolf Diesel ilipimwa ikageuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, mafanikio makubwa kwa wakati ule. Hata hivyo, petroli ilishinda kwa wepesi wa kubebeka. Betri zilikuwa nzito.

Leo injini bora za petroli hufikia asilimia 40 hivi. Sadi Carnot alikwisha kuonyesha mwaka 1824 kwamba kila mashine ya joto ina kikomo. Mota ya umeme hufikia asilimia 90 hivi. Lakini umeme ukizalishwa kwa makaa ya mawe, hasara huhamia mtamboni.

Ndiyo maana Ethiopia, yenye umeme wa maji, ilithubutu mwaka 2024 kuzuia uingizaji wa magari ya mafuta. Nasi Tanzania tunalo Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, katika Mto Rufiji. Tusipopanga mapema, injini zinazokataliwa kwingine zitakuja kuzeekea kwetu, nasi tutaendelea kutoa fedha za kigeni kununua mafuta ambayo zaidi ya nusu yake huishia kuwa joto tu.