Ugalla na Mtoto Aliyepelekwa Mbali

Historia ya Ugalla ni historia ya watu kuhamishwa ili huduma iwafikie. Misitu ya miombo inayotanda kutoka bonde la mto Ugalla hadi Mpanda ilikuwa na watu wachache waliokaa mbalimbali, wakilima, wakiwinda na kurina asali, na kila serikali iliyokuja iliona hali hiyo kuwa tatizo. Kuanzia miaka ya 1920 utawala wa Waingereza uliwaondoa watu katika sehemu kubwa ya magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi maalumu ili kuwaepusha na mbung'o waenezao malale. Wagonjwa wa ukoma nao walikusanywa kwenye makazi ya misheni, kama yale ya Wamoravian huko Sikonge. Wakimbizi wa Burundi walionusurika mauaji ya 1972 walipangiwa vijiji Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, na katika miaka hiyohiyo wananchi nao waliingizwa katika vijiji vya Ujamaa. Sababu zilitofautiana, hoja ikabaki ileile: dawa, maji, shule na bwana shamba haviwezi kumfuata kila mtu porini, kwa hiyo mtu avifuate. Elimu ya watoto wenye ulemavu katika ukanda huu ilijengwa juu ya hoja hiyo, na ninashikilia kwamba kishikwambi ni kifaa cha kwanza kinachotuwezesha kuigeuza. Kimeshafika. Kilichobaki ni uamuzi wa kumkabidhi mtoto.

Shule ya kwanza ya wasioona nchini ilifunguliwa na Waanglikana huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tabora ikapata shule mbili maalumu: Furaha kwa wasioona, na mwaka 1963 shule ya viziwi ya Kanisa Katoliki, ya kwanza ya aina yake Tanganyika. Kwa mzazi wa Mpanda, Tabora ndiyo iliyokuwa karibu, na ukaribu huo ulitegemea reli. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilomita zipatazo 210 kupitia daraja la mto Ugalla, lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, reli ilibaki kuwa njia ya kutegemewa, hasa masika barabara zinapokatika. Mtoto wa miaka saba asiyeona aliyepelekwa Tabora aliacha lugha ya nyumbani, ndugu zake, na zile kazi ambazo wenzake walijifunza kwa kushinda karibu na wakubwa. Likizo alirudi kama nauli ilipatikana. Wamisionari na walimu wale walifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa akiifanya, na si haki kuwahukumu kwa vigezo vya leo. Lakini bweni lina vitanda vya kuhesabika, na mtoto aliyekosa kitanda Tabora alibaki kijijini bila shule yoyote. Huyo ndiye ninayemwandikia, kwa sababu wa namna yake ndio waliokuwa wengi.

Kulikuwa na sababu ya kweli ya kukusanya, nayo ni vifaa. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, ni ya chuma, ina uzito wa karibu kilo 5, na inahitaji karatasi nene isiyopatikana dukani. Kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa makubwa. Shime sikio linahitaji betri, mtaalamu wa kupima usikivu na mtu wa kulirekebisha. Mwalimu aliyesomea kazi hiyo alikuwa adimu kuliko mashine zenyewe. Vitu vya gharama namna hiyo huwekwa mahali pamoja, na watoto huletwa vilipo. Hata jaribio la kuwasomesha pamoja watoto wasioona na wanaoona, lililoanza Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, katika miaka ya 1960, lilifanyika mjini. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, vijiji vya Mpanda vilipata madarasa, lakini darasa lile lilikuwa na ubao, chaki, na mwalimu aliyefundishwa kuwafundisha wanaoona na kusikia. Shule sasa ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwa mtoto mwenye ulemavu, na ndani yake hakuwa na cha kufanya.

Kisha hofu ikaipa hoja ya kukusanya nguvu mpya. Mauaji na ukatwaji viungo wa watu wenye ualbino vilipoenea katika Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi kuanzia mwaka 2006 hivi, Rukwa ikiwemo, ambayo Mpanda ilikuwa sehemu yake hadi Katavi ilipoanzishwa mwaka 2012, watoto walikimbizwa kwenye shule zenye mabweni na uzio, kama Buhangija ya Shinyanga na Mitindo ya Misungwi. Hakuna mzazi mwenye akili timamu ambaye angekataa. Lakini kimasomo shida yao ilikuwa ya kumalizika darasani: uoni hafifu. Mtoto mwenye ualbino anaona, ila herufi za ubaoni humpotea akiwa dawati la tatu, na mwanga mkali humuumiza macho. Aliyemhamisha ni muuaji. Hata hivyo miaka ilivyopita na mabweni kujaa, jamii ilianza kuzoea kwamba mahali pa mtoto huyu ni mbali na kwao, na mazoea hayo yaliendelea hata pale ambapo ulinzi wa kijiji ungetosha.

Ndipo ilipokuja sensa. Makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 walihesabu watu kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na kazi ilipokwisha serikali ikagawa zaidi ya 200,000 kwa sekta ya elimu, sehemu kubwa kwa walimu wa shule za umma. Kifaa cha kisasa kikaingia katika shule za halmashauri za Nsimbo, Mlele na Tanganyika mkoani Katavi kama kilivyoingia Dar es Salaam. Ninachotaka msomaji akione ni kilichomo ndani yake. Kishikwambi cha Android huja na programu ya TalkBack, inayosoma kwa sauti kilicho kwenye kioo. Mwalimu hubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde chache, na kioo kinaanza kusema. Mtoto asiyeona hutelezesha kidole kulia kusikia kinachofuata, hutelezesha kushoto kurudi nyuma, na hugonga mara mbili kufungua. Sauti ya Kiswahili ipo. Ikishapakuliwa mara moja, inasoma bila intaneti. Mwenye uoni hafifu hahitaji hata hilo: hupiga picha ya ubao, huitanua kwa vidole viwili hadi herufi moja iwe na upana wa dole gumba, hugeuza rangi maandishi yawe meupe juu ya weusi, na husoma palepale alipoketi na rafiki zake. Asiyeweza kutamka, kwa mfano mwenye mtindio wa ubongo, hugusa picha ya kikombe na kifaa kikamwombea maji. Hapo zamani kazi kama hizi zilihitaji vifaa vyake maalumu, na vilivyokuwepo vilikuwa mbali na kijiji.

Kwamba mtoto wa kijijini anaweza kujifunza kwa kifaa hiki bila mtaalamu pembeni, tuna ushahidi wa Tanga. Kati ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170, wengi wao wasiowahi kuingia darasani, vikiwa na programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwanzoni karibu wote walishindwa kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya walioshindwa ilikuwa imepungua sana. Mwezi Mei 2019 washindi wawili waligawana dola milioni 10. Mmoja wao, Kitkit School ya kampuni ya Enuma, ana asili inayostahili kujulikana hapa: mwanzilishi wake, Sooinn Lee, mbunifu wa michezo ya kompyuta kutoka Korea Kusini, aliingia katika kazi ya programu za kujifunzia baada ya kuzaa mtoto mwenye mahitaji maalumu. Shindano lenyewe liliandaliwa kwa ajili ya watoto walio nje ya shule kwa ujumla, kwa hiyo silichukui kuwa jibu la kila swali kuhusu ulemavu. Lakini linafuta dai moja kubwa, kwamba mtoto wa kijiji kisicho na maktaba wala umeme wa gridi hawezi kukimudu kifaa.

Pingamizi la kwanza huwa la umeme na matengenezo. Ni la kweli. Mpanda yenyewe iliishi kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Lakini vijiji vya Tanga vilichaji kwa vituo vya umeme wa jua, na kwa upande wa matengenezo historia inakiunga mkono kishikwambi. Mashine ya Perkins ikiharibika, fundi wake ni wa kutafutwa mikoa kadhaa. Fundi simu yuko kila gulio. Pingamizi zito zaidi linamhusu mwalimu. Kishikwambi kilichotoka kwenye sensa ni mali ya serikali iliyokabidhiwa kwake kwa ajili ya maandalio na taarifa. Kikivunjika mkononi mwa mtoto, atakayeulizwa ni yeye. Ana darasa lililofurika, na hakuna aliyemwonesha vile vitufe viwili. Akikifungia kabatini simlaumu. Jambo hili linatibika kwa waraka mmoja unaosema kwamba kumpa mwanafunzi mwenye ulemavu kifaa hicho ni matumizi halali, na kwa mafunzo ya siku chache katika vituo vya walimu. Hayo ni madogo yakilinganishwa na gharama ya kuwalaza watoto mabwenini kwa miaka saba.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka kwa viziwi. Shule ya Tabora ilianza kwa kuwafundisha watoto kutamka na kusoma midomo, lakini nje ya darasa watoto walizungumza kwa mikono, na katika shule mbalimbali za viziwi zilizofuata tangu 1963 lugha za alama zilizaliwa hivyo, kila shule na yake, kabla ya Chama cha Viziwi Tanzania kusimamia ukusanyaji wa kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania. Lugha hizo zilitokana na kukusanywa. Kiziwi mmoja katika kijiji cha Mishamo, hata akiwa na video elfu moja za alama, hana wa kuzungumza naye. Kwa hiyo hoja yangu ina mpaka: kwa mtoto kiziwi bweni linabaki kuwa na maana ambayo kifaa hakiwezi kuchukua nafasi yake, na anayetaka kufunga shule za viziwi kwa jina la ujumuishi anavunja kitu asichoweza kukijenga upya. Kishikwambi kinaweza kuwafundisha mama, baba na ndugu zake alama, ili arudipo likizo kwa treni ya Mpanda asikae kimya mwezi mzima.

Walimu wa wasioona nao wanaonya kwamba anayesikiliza tu hajifunzi tahajia, wala hawezi kuiona hesabu ilivyopangwa. Wana haki. Nukta nundu ibaki, na kibao cha kuiandikia kwa mkono na msumari wake, tofauti na mashine, vinaingia kwenye mfuko wa daftari. Mtoto avipate pamoja na kishikwambi. Sheria hazikosekani: Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na mwaka 2020 ikajiunga na Mkataba wa Marrakesh unaoruhusu vitabu kugeuzwa katika maumbo wanayoweza kuyasoma wasioona. Kikwazo kiko kwenye mtihani. Baraza la Mitihani huwapa wasioona karatasi za nukta nundu, wenye uoni hafifu maandishi makubwa, na muda wa nyongeza wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Ni utaratibu wa kiungwana, lakini ulijengwa juu ya karatasi, na mwalimu hufundisha kwa kile kitakachopimwa. Mtihani wa Darasa la Saba ukikubali swali lililosikilizwa na jibu lililoandikwa kwenye kishikwambi kilichozimwa intaneti, mwalimu mkuu wa shule ya kando ya mto Ugalla atakuwa na sababu ya kukitoa kabatini tangu mwezi Januari, na mzazi atakuwa na sababu ya kumwandikisha mtoto palepale kijijini.