Malisho Yaliyogeuka Mashamba: Habari za Ngitili katika Usukuma

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, kurasa nyingi zahesabu marobota ya pamba. Tumeona yafaa pia kueleza habari za ardhi itoayo pamba hiyo, na hasa majani na miti iliyoondoka ili pamba ipate nafasi.

Zamani sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa nyika ya migunga na miombo, yenye mbung'o wengi. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, kwa jasho la Wasukuma wenyewe, ilifyeka vichaka ili kuwafukuza wadudu hao. Nchi ikawa wazi, ng'ombe wakaongezeka. Kisha plau ikaenea, na fedha ya pamba ikawapa watu sababu ya kupanua mashamba. Hatuwalaumu wazee wetu kwa jambo hilo. Pamba ndiyo iliyojenga Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, na wengi wetu tumesomeshwa kwayo.

Lakini plau haina huruma na mimea ya kudumu. Ng'ombe ajapokula majani hata yakawa mafupi, mizizi hubaki, na mvua ikinyesha huchipua tena. Plau huikata mizizi hiyo na kuigeuzia jua. Majani mengi ya kudumu hayana mbegu zikaazo udongoni miaka mingi zikingoja. Kwa hiyo shamba likiachwa baada ya misimu kadhaa, yatanguliayo kurudi ni magugu na majani ya mwaka mmoja, ambayo hukauka mapema na kumwacha ng'ombe na njaa wakati wa kiangazi. Katika udongo uliochoka, kiduha nacho huingia katika mtama. Mwenye kutaka dawa ya mizizi, fito za kujengea au matunda ya porini hulazimika kwenda mbali, na mara nyingi mwendo huo ni wa akina mama na watoto.

Wasukuma walikuwa na dawa yao tangu kale, nayo ni ngitili: eneo la malisho lifungwalo mvua zianzapo na kufunguliwa kiangazi kikali, hasa kwa ndama na wanyama dhaifu. Kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 kuliwatenga wengi na ngitili zao. Ilipofika mwaka 1986, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu.

Mwanzoni HASHI ilitegemea sana miche ya vitaluni. Baadaye ikaonekana kwamba njia iliyo rahisi zaidi ni kulifunga eneo na kuviacha visiki vilivyo hai vichipue. Dagashida na sungusungu zikalinda. Kufikia mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na wachunguzi walihesabu humo aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo. Aina hizo hazikuletwa kwa lori. Nyingi zilikuwa chini ya miguu yetu muda wote.

Sasa wako wanachama wasemao kwamba ngitili zilimwe, kwa kuwa vijana hawana mashamba. Hoja hiyo si ya upuuzi, maana mtu hali majani. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya eneo lililofyekwa visiki vikaachwa, na lile lililong'olewa visiki na kulimwa kwa trekta. La kwanza laweza kurudi likipumzishwa. La pili halina kitu cha kuchipua.

Kwa hiyo twaomba kila chama cha msingi kitakacholeta hoja hiyo katika mkutano mkuu kieleze mambo mawili: ekari ngapi zitabaki kwa ndama wakati wa kiangazi, na kama visiki vitaachwa au vitang'olewa.